RODAJE: MASAA YA KWANZA YA MOTERI MPYA



Katika namba hii nataka tujifunze neno moja ambalo kila mtu wa Bukavu analitamka na wachache wanalielewa: rodaje. Ukisimama pale Nyawera au Kadutu mahali motari wanangojea watu, utasikia: "Hii moto iko mu rodaje." Ukiuliza maana yake, mmoja atajibu kwamba ni kutembea polepole. Mwingine atasema ni kumwaga mafuta ya moteri mapema. Wa tatu atacheka na kusema: "Ile ni mambo ya bantu wenye wakati, siye tuko na versema."

Lakini jibu liko ndani ya daftari zetu za fizika, kwenye somo la kutanuka kwa vyuma. Tulilinakili, tulilisoma kwa enterogasio, kisha tukafunga daftari. Leo tulifungue tena.

Nimechagua jambo hili kwa sababu moja. Nyumba nyingi za wanafunzi wa shule hii zinasimama juu ya magurudumu mawili. Mama ameingia katika likelemba mwaka mzima, zamu yake imefika, amenunua moto, amempa mtoto wake mkubwa au kijana wa jirani. Yule kijana anapakia watu mchana kutwa, na jioni analeta versema, ndiyo kusema ile pesa ya kila siku ambayo motari anamrudishia mwenye moto. Kwa pesa ile wanakula, na kwa ile minervali inalipwa. Sasa, moteri ikiharibika katika mwezi wa kwanza, si mama peke yake anayepata hasara. Kuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani katikati ya trimestre. Kwa hiyo msiseme kwamba somo hili ni la mafundi tu.

RODAJE NI NINI HASA?

Watu wengi wanafikiri kwamba moteri ikitoka katika karto lake imekwisha kutengenezwa. Hapana. Kiwanda kimeacha kazi moja ya mwisho, na kazi ile inafanywa na yule anayeiendesha katika kilometa za kwanza. Nitaeleza.

Ndani ya moteri ya moto kuna silindri, ndiyo tundu la duara, na ndani yake pistoni inapanda na kushuka. Moteri ikizunguka mara 6000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 100 katika sekunde moja. Sema "moja" kwa mdomo, nayo imekwisha kufanya safari 100. Pistoni yenyewe haizibi silindri vizuri, lazima pawe na nafasi ndogo kati yao. Kinachoziba ni pete za chuma zinazovalishwa pistoni, zile mafundi wanaita segma. Kwa kawaida ni tatu: mbili za juu zinazuia moto na pumzi visipite chini, na ya tatu inapangusa mafuta kwenye ukuta wa silindri ili yasipande kuungua.

Basi, ukuta wa silindri mpya si laini kama kioo. Kiwandani wanaukwaruza makusudi kwa mawe maalumu, mistari midogo sana inayopishana kama nyuzi za kikapu. Mistari ile inashika mafuta, na tena inafanya kazi ya tupa: inasugua segma mpya kidogo kidogo mpaka segma na ukuta vinapatana, kila kilima cha huyu kinapata bonde la mwenzake. Kupatana kule ndiyo rodaje. Mtu aliyenunua kiatu kipya cha ngozi anajua: kiatu kinaufuata mguu, lakini si siku ya kwanza, na si kwa kukimbia nacho mupando.

Jambo la kuelewa vizuri ni kwamba segma haisukumwi ukutani na unyumbufu wake peke yake. Esanse inapowaka, gazi yenye nguvu inaingia nyuma ya segma na kuisukuma nje. Kama moteri haina kazi, gazi ile ni dhaifu, segma haisuguliwi inavyofaa. Kumbukeni jambo hili, tutalirudilia.

HESABU NDOGO YA JOTO

Sasa tuchukue kalamu. Pistoni imetengenezwa kwa aluminiamu, na katika moto ndogo nyingi silindri ina ukuta wa chuma cha kuyeyusha. Mnakumbuka kwamba aluminiamu inatanuka karibu mara mbili kuliko chuma kile: karibu sehemu 23 katika milioni kwa kila digri, na chuma karibu 11.

Tuseme pistoni ina upana wa milimita 50. Ikipanda digri 150 juu ya joto la asubuhi, inaongezeka hivi: 50 x 23 x 150, gawanya kwa milioni, ni milimita 0,17. Silindri iko nje kwenye upepo, tuseme imepanda digri 100 tu: 50 x 11 x 100, gawanya kwa milioni, ni milimita 0,055. Ondoa ya pili katika ya kwanza: nafasi imepungua karibu milimita 0,12. Unywele wa mtu una unene wa karibu milimita 0,07. Ndiyo kusema, kati ya asubuhi na mchana, nafasi kati ya pistoni na silindri inapungua kwa unene wa karibu nywele mbili.

Wenye kutengeneza moteri wanajua hesabu hii kuliko sisi. Ndiyo sababu wanachonga kichwa cha pistoni kiwe chembamba kidogo kuliko sehemu ya chini, maana kichwa kinapata joto zaidi. Katika moteri iliyozoea, nafasi iliyobaki inatosha. Lakini katika moteri mpya kuna msuguano mwingi kuliko kawaida, kwa sababu vile vilima vidogo havijasuguliwa. Msuguano unazaa joto, joto linatanua pistoni, pistoni iliyotanuka inazidisha msuguano. Ni duara. Ukiendelea kuvuta gazi katika hali ile, utando wa mafuta unakatika, aluminiamu inagusa chuma, inayeyuka na kuganda ukutani. Mafundi wanasema: "Moteri imesere." Gurudumu la nyuma linafunga ghafula, na kama ni katika mushuko, motari na mteja wake wako chini.

Nilionyeshwa pistoni ya namna ile kwa fundi mmoja. Upande mmoja ilikuwa na mistari mirefu kama imekunwa na makucha ya paka, na segma mbili zilikuwa zimeganda katika mifereji yake, hazitoki hata kwa bisibisi. Moto ile ilikuwa na majuma mawili tu. Ilipakia magunia mawili ya makala na mtu mmoja juu yake, katika mupando, jua la saa nane. Fundi aliniambia neno moja tu: "Hawakuipa siku."

MAKOSA MAWILI YASIYOFANANA

Kosa la kwanza ni lile la pistoni niliyoionyesha, la kuharakisha. Kila mtu analijua hata kama halishiki.

Kosa la pili ni la watu wenye huruma nyingi. Wanaisimamisha moto mpya kwenye kiwanja, wanaiwasha, wanaiacha inanguruma saa nzima bila kutembea, na wanasema wanaifanyia rodaje. Tazameni vile ilivyo vibaya. Moteri nyingi za moto za hapa zinapozwa na upepo, na moto ikisimama upepo haupo. Kwa hiyo joto linakusanyika. Na zaidi ya ile, moteri haina kazi, gazi haisukumi segma, basi hakuna kupatana. Mafuta yanabaki ukutani, yanaungua polepole, yanakuwa kama vernisi inayofunika ile mistari ya kiwandani. Ukuta unakuwa kioo. Baada ya hapo segma hazitapatana tena hata ungetembea mpaka Uvira na kurudi. Moto itatoa moshi wa buluu na kunywa mafuta ya moteri, na dawa ni kuifungua yote na kuikwaruza upya.

Yule anayetembea juma zima kwa mwendo mmoja, vitesi ya juu, polepole, naye yuko karibu na kosa hili la pili. Rodaje nzuri ni kubadilisha: vuta gazi kidogo kwa nguvu ya kiasi, acha, vuta tena, acha. Ukivuta, segma zinasukumwa na kusuguliwa. Ukiacha, moteri inapoa. Na katika mji wetu wenye milima hii, nafikiri Bukavu ni mahali pazuri na pabaya pa kufanyia rodaje. Pazuri kwa sababu barabara yenyewe inakulazimisha kubadilisha. Pabaya kwa sababu mipando ni mirefu na wateja hawana subira.

KUFANYA NAMNA GANI?

Kwanza, kitabu kinachokuja na moto ndicho chenye neno la mwisho. Kisitupwe pamoja na karto. Kama kimeandikwa kwa Kiingereza, mwanafunzi wa nyumba ile akae na kamusi, akisome. Hata wewe wa mwaka wa kwanza unaweza kufanya kazi hii kwa yaya yako.

Mpango mmoja ambao vitabu vya moto ndogo za Yamaha vimeufuata miaka mingi ni huu. Kilometa 150 za kwanza, usikae na gazi kupita theluthi moja, na kila baada ya saa moja ya kutembea zima moteri, ipumzike dakika 5 mpaka 10. Toka 150 mpaka 500, usipite nusu ya gazi kwa muda mrefu. Toka 500 mpaka 1000, robo tatu. Kisha ni huru. Vitabu vingine vinahesabu kwa mwendo wa kila vitesi na vinaendelea mpaka kilometa 2000. Msishangae vikitofautiana, nia yao ni moja.

Katika mupando, shusha vitesi mapema. Motari wengi wanapenda kupanda na vitesi ya tatu au ya nne, moteri inalia "du-du-du" kama mtu anayebeba gunia na magoti yanatetemeka, na wanafikiri wanaihurumia kwa sababu hainguruzi sana. Kumbe pale ndipo inapoteswa: inazunguka polepole na kusukumwa kwa nguvu nyingi, na mafuta hayafiki vizuri. Afadhali vitesi ya pili na moteri ikizunguka kwa uhuru, bila kulia kama nyigu. Mteja mmoja tu kwa mara moja katika kilometa 500 za kwanza. Hakuna makala, hakuna saruji, hakuna bido nne za kasiksi.

Katika mushuko, usizime moteri ili kupunguza esanse. Acha vitesi ndani, gazi imefungwa, moteri ikushikilie. Kwa moteri ya mapigo manne hii ni mapumziko, inapoa huku ikizunguka na mafuta yake yakipita. Lakini kwa moteri ya mapigo mawili ambayo mafuta yanachanganywa ndani ya esanse, iwe mwangalifu: gazi ikifungwa esanse haingii, na mafuta hayaingii pamoja nayo. Katika mushuko mrefu, fungua gazi kidogo mara kwa mara ili inywe.

Sehemu nzuri ya kwenda siku za kwanza ni barabara ya Kavumu, asubuhi mapema, mtu mmoja juu ya moto. Kwenda karibu kilometa 30, pumzika, na kurudi. Ukifanya safari ile mara tatu umekwisha kupita 150, na hakuna mteja aliyekupigia kelele mgongoni.

Sasa mafuta. Vidanje ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu mafuta yale ndiyo yaliyobeba unga wote wa chuma uliosuguliwa. Vitabu vingi vinaiweka kati ya kilometa 500 na 1000. Mafuta yatatoka yanang'aa kama yamewekwa rangi ya fedha. Usiogope, ni alama kwamba kazi imefanyika. Yapitishe katika kitambaa cheupe na kuweka sumaku chini. Unga laini ni kawaida. Lakini ukiona kipande unachoweza kukishika kwa vidole, usiwashe tena, mwite fundi. Na mafuta yale ya zamani, wapenzi, yasitupwe katika mfereji unaoshuka ziwani.

Moto ndogo inataka karibu lita moja tu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kununua mafuta ya gari yaliyopimwa katika chupa ya maji kwa sababu ni bei ndogo. Katika moto, mafuta yaleyale ya moteri ndiyo yanayooga ambreyaje. Mafuta mengine ya gari yana dawa ya kuteleza sana, na ambreyaje inaanza kuteleza nayo. Kwenye bido tafuta maandishi JASO MA. Yale ni alama kwamba mafuta yametengenezwa kwa ajili ya moto.

Jambo la mwisho la hapa kwetu ni urefu wa mji. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, na hewa yetu ina uzito wa karibu asilimia 85 tu ya hewa ya Matadi. Moteri iliyopangwa kwa bahari inapata hewa kidogo huku, kwa hiyo esanse inakuwa nyingi kuliko hewa, buji inakuwa nyeusi, na nguvu zinapungua. Wengine wanakimbilia kukaza karburateri siku ya kwanza ili moto "iruke". Katika siku za rodaje msifanye vile. Esanse kidogo mno inawaka kwa moto mkali, na joto ndiyo adui yetu wa siku hizi. Buji nyeusi kidogo haitakuua. Utapanga karburateri baadaye, pamoja na fundi, moteri ikiwa imezoea.

SASA VERSEMA

Hapa ndipo ugumu wenyewe, na sitaki kuupita kimya. Motari anajua haya yote, au nusu yake. Lakini jioni mwenye moto anangojea pesa yake yote toka siku ya kwanza. Kijana afanye nini? Atapakia wawili, atapanda mbio, atafanya kazi mpaka usiku. Halafu moteri ikisere, mwenye moto atasema: "Ni weye umeiua."

Tupige hesabu, na bei ni za mfano tu. Tuseme versema ni dola 5 kwa siku, na moto inatembea kilometa 60 kwa siku za rodaje. Kilometa 1000 ni siku 17. Kama mwenye moto atakubali nusu ya versema kwa siku zile, anapoteza dola 2 na nusu mara 17, ndiyo dola 42 na senti 50. Sasa moteri ikisere: pistoni na segma, silindri kupelekwa kuchongwa upya, jointi, mkono wa fundi, na siku ambazo moto imelala garaje bila kuleta kitu. Ulizeni bei hizi kwa fundi wa mtaa wenu, kila mtu kwa mtaa wake, mkaziweke pembeni ya ile 42. Mimi nimeuliza, na nimeona kwamba mwenye moto anayedai versema kamili katika majuma mawili ya kwanza anajiibia mwenyewe.

Basi neno hili lisemwe kabla ya kutoa ufunguo, si baada ya kuharibika. Mama, papa na motari wakae, waandike katika karatasi: toka kilometa 0 mpaka 1000 ya kompteri, versema ni nusu, mteja mmoja, vidanje ya kwanza inalipwa na mwenye moto. Sisi tunaojua kuandika tunaweza kuwaandikia. Kwa heshima lakini, mtoto hamfundishi mama yake biashara. Unamwonyesha hesabu, unamwachia kalamu.

"LAKINI WENGINE WANASEMA..."

Ndiyo. Kuna mafundi, tena wenye akili, wanaosema kwamba rodaje ya polepole ni ya zamani, kwamba moteri mpya inatakiwa kupigwa gazi toka saa ya kwanza ili segma zisuguliwe wakati mistari ya silindri bado ni mikali. Hawakosi kabisa. Mmeona juu kwamba bila nguvu ya gazi segma hazipatani. Na ni kweli viwanda vya leo vinachonga vizuri kuliko vya zamani. Miaka ya 1950 huko Ufaransa gari mpya ilitembezwa na kibao nyuma ya kioo kilichoandikwa "en rodage", ili wengine wavumilie na kuipita. Siku hizi vibao vile havionekani tena.

Lakini anayepiga gazi toka saa ya kwanza katika mashindano ana fundi pembeni, anavuta sekunde chache, anaacha ipoe, na baada ya mbio chache anaifungua moteri yake kuitazama. Motari wetu anavuta dakika kumi za mupando na watu wawili mgongoni. Si kitu kimoja. Kwangu mimi, nguvu kidogo na ya muda mfupi ni nzuri, nguvu nyingi na ya muda mrefu ni mbaya, na kitabu cha moto kimekwisha kupata katikati yake.

Ni kweli tena kwamba si kila moteri inataka rodaje ya namna moja. Kuna watu huko Ulaya na Amerika wanaorusha ndege ndogo za mchezo zenye moteri inayoenea katika kiganja. Zinakunywa alkoli ya metanoli iliyochanganywa na mafuta, mara nyingi ya mbarika, mmea uleule unaoota ovyo nyuma ya nyumba zetu. (Hata jina la kampuni ya mafuta Castrol limetoka katika mbarika, mwaka 1909.) Moteri zao zenye segma zinafanyiwa rodaje kwa baridi, mafuta mengi, dakika chache, kupumzika, kuanza tena. Lakini kuna nyingine zisizo na segma kabisa: silindri ya shaba nyekundu na zinki iliyopakwa kromu, imechongwa iwe nyembamba juu. Zikiwa baridi, pistoni inabana pale juu mpaka mtu anafikiri imeharibika. Zile zinatakiwa kupata joto lake la kazi mapema, kwa safari fupi fupi, kwa sababu ni katika joto tu silindri inafunguka na kupatana na pistoni. Ukizifanyia rodaje ya baridi kwa muda mrefu unazisugua bure na kuzimaliza. Basi mtu akikuambia "mimi ninajua rodaje", umwulize kwanza: ya moteri gani?

Na msisahau kwamba rodaje si ya moto mpya peke yake. Moto ya miaka sita iliyochongwa silindri na kuvalishwa pistoni mpya imezaliwa tena. Kompteri inasoma 70.000, lakini kwa pistoni ni 0. Hapa Bukavu nafikiri rodaje nyingi ni za namna hii, na ndizo zinazosahauliwa zaidi, maana moto inaonekana mzee na hakuna anayeihurumia. Andika namba ya kompteri siku ile iliyotoka garaje, uhesabu toka pale.

KWA WENZETU WA IDJWI

Wanafunzi wa kisiwani walioniona ninaandika waliuliza: na moteri za mashua? Swali ni zuri, maana moto ikisere unashuka na kusukuma. Moteri ikisere kati ya ziwa, upepo wa mchana umeanza, na chini yako kuna maji ya mamia ya metre, hakuna pa kushukia.

Kwa moteri zake za mashua za mapigo mawili zinazochanganyiwa mafuta, Yamaha wanatoa mpango wa masaa 10. Katika masaa yale 10 mchanganyiko ni lita 25 za esanse kwa lita 1 ya mafuta, ndiyo kusema bido ya lita 5 inataka desilita 2. Baada ya hapo, moteri nyingi zinashuka mpaka 50 kwa 1, desilita 1 katika bido ileile. Dakika 10 za kwanza, mwendo mdogo kabisa. Dakika 50 zinazofuata, usipite nusu ya gazi, na kubadilisha mara kwa mara. Masaa 2 yanayofuata, robo tatu, na unaweza kufungua yote dakika moja, kisha urudi chini dakika 10 ipoe. Masaa 7 ya mwisho, mwendo unaotaka, lakini gazi yote isipite dakika 5 kwa mara moja.

Msiifanye rodaje ile kwa kuvuka toka Bukavu mpaka kisiwani na watu na mizigo. Katika masaa 3 ya kwanza mashua ikae kandokando ya pwani, mbele ya macho ya watu, watu wawili tu ndani, na makasia mawili pembeni yao.